Gereza la Kilwa Kisiwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, jengo la kwanza kukupokea ni boma la mawe lililokaa ukingoni mwa maji, lenye minara ya mviringo kwenye pembe zake. Hilo ndilo Gereza. Wageni wengi hulipiga picha wangali chomboni, wakishashuka hulipita mbio kwenda Msikiti Mkuu, na jioni huondoka wakiwa na nusu ya habari. Maswali yafuatayo ni yale yanayoulizwa sana na wanaojiandaa kwenda, na wanaorudi wakiwa bado na dukuduku.

Gereza ni jengo gani hasa?

Ni ngome. Ina umbo la mstatili, kuta nene za mawe, ua katikati, vyumba vilivyouzunguka ua huo, na minara ya mviringo kwenye pembe zinazokabiliana. Iko upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa, palepale mji mkongwe ulipokutana na bandari. Kiutawala iko Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania.

Kazi ya minara ile ilikuwa ulinzi. Askari wa zamu aliyekaa lindo juu yake aliiona bandari yote na ng'ambo ya bara. Hakuna chombo kilichoweza kutia nanga mbele ya mji bila yeye kukiona kwanza. Ningemwomba kila anayefika pale afanye hivyo hivyo: kabla ya kuzitazama kuta, ageuke atazame maji. Wote walioishika ngome hii kwa nyakati tofauti walitaka jambo moja, kujua nani anaingia bandarini na kuhakikisha halipiti jahazi bila kutozwa.

Lilijengwa na Wareno au na Waarabu?

Na wote wawili, kwa kupishana karne tatu. Wareno walijenga ngome yao mahali hapa mwaka 1505, wakaiita Santiago. Jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya utawala wa Waomani, la mwanzoni mwa karne ya 19, lililosimamishwa juu ya magofu ya ile ya Wareno.

Kwa hiyo anayekwambia "hii ni ngome ya Wareno" hajakudanganya, na anayekwambia "ni ya Waarabu" naye hajakudanganya. Lakini wote wawili wanamsahau mtu wa tatu. Mawe yalichimbwa hapa, chokaa ilichomwa hapa, na ufundi wa kujenga kwa matumbawe ulikuwa na umri wa mamia ya miaka hapa Kilwa kabla ya Mreno wa kwanza kuiona Bahari ya Hindi. Watawala walibadilika, ila mkono wa fundi wa pwani ni uleule, na mimi huliona kama jengo la Kilwa kwanza, la watawala wake baadaye.

Kwa nini Wareno waliitaka Kilwa kuliko visiwa vingine?

Jibu lake ni upepo na dhahabu, na mambo haya mawili hayaachani.

Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Kusi huanza kuvuma Aprili na kuwarudisha kwao. Nahodha aliyetoka huko mbali aliweza kufika Kilwa, akauza, akanunua na kurudi kwao ndani ya mzunguko mmoja wa pepo hizi. Akishuka zaidi kusini, hadi Sofala katika Msumbiji ya leo, hesabu ilimkataa: angekwama na kungoja msimu mwingine. Sofala ndiko dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilikoteremkia baharini. Basi Kilwa ikakaa katikati. Vyombo vyake vilishuka Sofala kuchukua dhahabu na pembe za ndovu, vikapandisha mzigo hadi Kilwa, na mgeni akaukuta unamngoja.

Masultani wa Kilwa waliishika biashara ya Sofala kwa muda mrefu, na mali hiyo ndiyo iliyojenga kila kitu unachokiona kisiwani. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, alipofika mwaka 1331 alikuta mji mzuri uliojengeka vyema, chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyesifika kwa ukarimu hadi akaitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Sarafu zilizopigwa kwa majina ya masultani wa Kilwa zilitumika pwani, na mojawapo imepatikana Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa mawe ulio bara kabisa.

Wareno walipozunguka Rasi ya Tumaini Jema hawakuwa na haja ya kubuni biashara mpya. Waliikuta ipo, wakaitaka iwe yao.

Nini kilitokea mwaka 1505?

Habari zilianza kabla ya hapo. Vasco da Gama, nahodha Mreno, alipita pwani yetu mwaka 1498. Mreno mwenzake, Pedro Álvares Cabral, akafika Kilwa mwaka 1500 na kuondoka bila mapatano. Mwaka 1502 da Gama alirudi na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim, aliyekuwa akitawala Kilwa, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kutoa kodi ya dhahabu.

Julai 1505 akaja Francisco de Almeida, akiwa njiani kwenda India kuwa gavana mkuu wa Wareno huko. Alifika akidai kodi haijalipwa. Amiri Ibrahim alikwepa kuonana naye, na tarehe 24 Julai, alfajiri, askari wa Almeida walishuka pwani. Upinzani haukuwa mkubwa. Amiri alitoroka na watu wake wengi, na mji ukaporwa.

Mmoja wa waliokuwa kwenye msafara huo aliacha maelezo ya alichokiona: nyumba za mawe na chokaa zenye ghorofa, bustani zenye machungwa na malimau, miwa, pamba. Mtu anayejua kusoma vizuri atayasoma maelezo yale kwa uchungu, maana mwandishi anausifu mji huku wenzake wakibeba vitu vyake kupeleka merikebuni.

Baada ya uporaji walichagua nyumba imara iliyokuwa karibu na maji, wakabomoa zilizoizunguka ili mizinga ipate kuona mbali, wakaigeuza ngome. Hawakuanza na msingi mpya. Ndiyo maana ujenzi ulichukua siku chache tu, na mwezi Agosti Almeida akapandisha tanga kwenda Mombasa, ambayo aliichoma moto. Kilwa aliacha kikosi chini ya kapteni Pêro Ferreira Fogaça, na kwenye kiti cha utawala akamweka mzee aliyeitwa Muhammad Ankoni, mtu wa Kilwa aliyekubali kufanya kazi nao.

Kama walishinda kirahisi hivyo, mbona waliondoka mwaka 1512?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa jibu lake linaeleza uwezo wa ngome na mipaka yake.

Ukuta na mizinga vilitosha kuwazuia adui wasiingie. Havikutosha kuwafanya wafanyabiashara waje. Wareno walitaka dhahabu ya Sofala ipite mikononi mwao peke yao, na mwaka huohuo wa 1505 wakajenga ngome nyingine Sofala kwenyewe. Walipoanza kukamata vyombo vya Waswahili na kukataza biashara ya kawaida, wafanyabiashara hawakubaki kupigana nao. Walihama. Wengine walikwenda Malindi, wengine Angoche, na dhahabu ikatafuta njia nyingine za kufika baharini. Muhammad Ankoni aliuawa mwaka 1506, na ugomvi wa nani arithi kiti ukaumaliza mji uliokuwa tayari umechoka.

Miaka saba baada ya kuijenga, Wareno walikuwa na kikosi kinachokula mshahara na kuugua homa, kikilinda bandari isiyo na majahazi. Wakaiacha ngome na kuondoka, wakaweka nguvu zao mahali pengine.

Walioishinda Santiago ni mabaharia na wachuuzi waliokataa kutia nanga mbele yake. Katika vitabu vyetu vya shule habari za pwani mara nyingi husomwa kama orodha ya walioshambulia na walioshambuliwa. Kilwa ya 1505 hadi 1512 inatuonyesha watu waliopokonywa mji wao na bado wakawa na uamuzi mkononi.

Ile dhahabu ya kodi ilikwenda wapi?

Sehemu yake ipo hadi leo, na unaweza kuiona kwa macho. Dhahabu ambayo da Gama aliipeleka Lisbon mwaka 1503 kama kodi kutoka Kilwa ilifuliwa, na mwaka 1506 ikakamilika kuwa chombo cha ibada kinachoitwa Custódia de Belém, kazi inayohusishwa na sonara Gil Vicente. Mfalme Manuel wa Kwanza alikitaja katika wosia wake. Kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale jijini Lisbon, kina mitume kumi na wawili waliopiga magoti, kila mmoja amechongwa kwa umakini wa ajabu.

Ni kazi nzuri mno, nami sina sababu ya kulikana hilo. Ila kila anayefundisha habari za Kilwa angefaa awaonyeshe wanafunzi wake picha yake pamoja na picha ya Gereza, ziwekwe kwenye ukurasa mmoja.

Kabla ya Wareno, Kilwa haikuwa na ngome wala minara ya ulinzi?

Ulinzi mkubwa wa Kilwa ulikuwa maji yenyewe. Tarikh ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha habari za masultani wake, iliyotufikia kwa nakala ya Kiarabu na kwa muhtasari alioutia mwanahistoria Mreno João de Barros katika historia yake iliyochapwa mwaka 1552, inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan wa Shirazi alikinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wa bara kwa nguo za kuweza kukizunguka chote. Yule mtawala alikuwa na nia ya kurudi kukinyakua, kwani wakati wa maji kupwa watu waliweza kuvuka kwa miguu. Ali akachimba mkondo ili bahari isikauke tena pale. Ukiichukua kama kumbukumbu ya tukio au kama hekaya, inakuonyesha walichokiogopa wenyeji: njia ya miguu, si merikebu.

Yapo pia majengo mawili mashariki mwa mji. Husuni Kubwa ni kasri la mapema karne ya 14, la Sultani al-Hasan bin Sulaiman yuleyule aliyempokea Ibn Battuta. Lina vyumba zaidi ya mia moja, birika la pembe nane, na limekaa juu ya mwamba unaotazama bahari ya wazi. Mtawala aliyejenga pale alitaka aone vyombo vikiwa mbali, na vyombo navyo vimwone. Hata hivyo ni nyumba ya fahari na biashara, haikukusudiwa vita.

Jirani yake ni Husuni Ndogo, na hapo wanaakiolojia wamevutana sana. Ni uwanja wa mstatili uliozungushiwa ukuta mnene wenye minara midogo iliyojengwa kando yake. Kwa sura ni ngome kabisa, ila ndani hamna nyumba za maana. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji mkubwa wa Kilwa katika miaka ya 1960, aliuchunguza, na hata baada yake mjadala haukufungwa kama ilikuwa ngome, soko au ghala la mizigo.

Nini kilitokea baina ya Wareno kuondoka na ngome ya sasa kujengwa?

Mambo mengi, na si mazuri.

Mwaka 1587 Wazimba, jeshi lililopanda kutoka maeneo ya Mto Zambezi, walikivamia kisiwa. Padri Mreno João dos Santos aliandika kwamba walikaa ng'ambo bila kuweza kuvuka hadi mtu mmoja wa Kilwa alipowaonyesha kivuko cha maji kupwa, naye akitumaini kuokolewa yeye na jamaa zake. Kwa mujibu wa padri huyo waliuawa watu 3,000. Ile hofu ya kwenye Tarikh, ya njia ya miguu, ikawa kweli.

Kilwa iliinuka tena katika karne ya 18. Kasri la Makutani, ambalo kuta zake ndefu utaziona karibu na Gereza, lilipanuliwa wakati huo. Lakini mali ya awamu hii ilitokana na watu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice, mfanyabiashara wa watumwa, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa bei ya piasta 20 (sarafu za fedha za wakati huo) kila mmoja, na piasta 2 juu yake zikiwa za sultani. Watu hao walipelekwa kwenye mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, Mauritius na Réunion za leo.

Biashara hiyo ndiyo iliyoivuta Oman. Miaka ya 1780 Waomani waliichukua Kilwa, na kwa kuwa walihitaji kuisimamia bandari na kukusanya ushuru, wakajenga upya ngome pale pale Wareno walipokuwa wamekaa. Sehemu ilikuwa bora kwa sababu zilezile. Sultani wa mwisho wa Kilwa alikamatwa katika miaka ya 1840, enzi ya Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, akapelekwa Muscat. Hapo ndipo usultani wa Kilwa ulipokoma.

Je, watumwa walifungwa ndani ya Gereza?

Wageni wengi wanafika wakiwa na picha hiyo kichwani, na wapo wanaotembezwa na kuambiwa hivyo. Lakini jengo lilikuwa kituo cha askari na cha utawala. Lilisimama katika bandari iliyouza watu, na waliokuwa ndani yake waliilinda biashara hiyo na kula ushuru wake. Hilo halina shaka, na ni zito vya kutosha bila kuongezewa chochote.

Ukitaka kuelewa biashara ya watumwa ya karne ya 19 upande huu, nenda pia Kilwa Kivinje, mji wa bara ulio kaskazini ya Masoko. Misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia huko, na Kivinje ikaipita Kisiwani kwa mbali kuwa bandari kubwa ya watumwa kusini mwa Zanzibar, hadi Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873. Misafara ile ilisafirisha watu bara hadi Kivinje wakiwa kwa miguu, na kijiografia haikuwa na haja ya kuwavusha kwanza kisiwani. Kwa hiyo Kisiwani ikadhoofika na ngome ikabaki bila kazi.

Limejengwa kwa vifaa gani?

Mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na mbao za mikoko. Matumbawe ni ya namna mbili. Yale ya mwamba wa kale, yanayochimbwa nchi kavu, ni magumu na yenye matundu, nayo hutumika kwa ukuta. Yale yanayokatwa baharini huwa laini yakiwa bado mabichi, fundi huyachonga atakavyo, na yakikauka hushika ugumu. Haya hutumika kwa fremu za milango, mihrabu na mapambo. Kwenye Gereza utaona zaidi yale ya mwamba wa kale, kwenye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa utaona ya namna zote mbili.

Chokaa hupatikana kwa kupanga magogo na kuyarundikia matumbawe juu, kisha kuchoma. Baada ya hapo huachwa inywe maji na kupoa kwa muda mrefu kabla haijatumika. Mafundi wanaofanya ukarabati wamerudi kwenye njia hii, na wana sababu. Saruji ya kiwandani ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, inafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na baada ya muda jiwe linamomonyoka huku saruji ikibaki imesimama peke yake. Anayekuja na mfuko wa saruji kwenye gofu la matumbawe, hata kwa nia njema, anaharibu.

Boriti za mikoko zilishika paa. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani, kuanzia majumba ya Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu, hadi vyumba vya Gereza, ni vyembamba na virefu. Paa zenyewe zilianguka zamani mbao zilipooza.

Ni kweli bahari inalila?

Kweli. Ngome iliyojengwa ukingoni ili kuilinda bandari imeishia kuwa ya kwanza kupigwa na mawimbi. Wakati wa bamvua maji hupanda hadi kwenye mguu wa kuta, yakivuta mchanga ulio chini ya msingi, na sehemu ya ukuta wa upande wa bahari imekwisha kuporomoka. Mikoko ilipokatwa pembezoni mwa kisiwa kwa ajili ya kuni, boriti na chokaa, mawimbi yalikosa cha kuyapunguza nguvu.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mmomonyoko wa pwani ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Kazi iliyofuata ilihusu kuta za kuzuia mawimbi, kupanda mikoko, kuondoa miti iliyootea ndani ya kuta na kukarabati kwa chokaa, na wanakijiji walishiriki. Mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha ya hatari.

Wako waliolipokea hilo kama ishara kwamba kazi imekwisha. Mimi nasema kwa msisitizo wote kwamba haijaisha. Ukuta wa mawe uliowekwa mbele ya Gereza unahitaji kutazamwa kila msimu, na mkoko uliopandwa unahitaji mtu wa kuulinda hadi ushike. Wanaoweza kufanya hayo mwaka hadi mwaka ni wakazi wa Kisiwani. Fedha za uhifadhi zisipowafikia, hakuna mtaalamu wa kutoka mbali atakayeziba pengo hilo.

Nafikaje, na nahitaji kibali?

Kilwa Masoko iko takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Mabasi yapo, na tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe juu ya Mto Rufiji mwaka 2003 safari imekuwa nyepesi kuliko enzi za kivuko. Masika iheshimu: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na magari yakakwama. Miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu, ingawa Kusi huchafua bahari mchana, kwa hiyo vuka asubuhi.

Kibali unakipata Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Eneo lenyewe linasimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Ulizia ada ofisini siku unayokwenda, kwa sababu hubadilika na hutofautiana baina ya raia na wageni. Mkondo ni kama kilomita mbili. Mashua ya tanga hukuvusha kwa utulivu, boti ya injini kwa haraka.

Chukua mwongozaji anayeishi kisiwani. Kwanza atakuonyesha vitu ambavyo hakuna kibao kinachovieleza. Pili, Kisiwani ni kijiji chenye watu, kuna nyumba, misikiti na makaburi ya wazee wao katikati ya magofu. Vaa nguo za stara, wasalimie watu, wakubwa kwa shikamoo, na piga hodi kabla ya kupita uani kwa mtu. Usimpige mtu picha kabla hajakubali.

Naruhusiwa kupanda juu ya mnara?

Usipande kuta. Chokaa ya juu imelegea, na jiwe moja likitoka mvua inapata njia ya kuingia ndani ya ukuta mzima. Fuata njia atakazokuonyesha mwongozaji. Kutoka uani na mlangoni unapata mandhari ya bandari ya kutosha.

Sarafu za Kilwa zilifikaje Australia?

Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye fukwe za visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya Australia. Tano kati yake zilitambuliwa miaka mingi baadaye kuwa za Kilwa. Kumekuwa na dhana nyingi: Wareno, mabaharia wa visiwa vya Indonesia, merikebu iliyovunjika. Sarafu husafiri kutoka mkono hadi mkono, hivyo si lazima mtu wa Kilwa awe amefika huko. Ila zinakueleza ukubwa wa bahari ambayo mlinzi wa pale mnarani alikuwa akiitazama kipande chake kimoja.

Nikiwa na saa chache tu, nianzie wapi?

Anzia Gereza kwa sababu ndipo unaposhukia, kisha Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa kwa kuba na matao karne ya 14, kisha kuta za Makutani. Husuni Kubwa iko mbali kidogo upande wa mashariki. Kwa miguu ni mwendo wa jua kali, kwa hiyo beba maji, au mwombe nahodha akuzungushe kwa bahari maji yakiwa yamejaa.

Na Songo Mnara, inawezekana siku hiyohiyo?

Inawezekana kwa boti ya injini ukitoka mapema, lakini amri ni ya maji. Songo Mnara imezungukwa na mikoko, na maji yakipwa utatembea kwenye tope kabla ya kufika mjini. Zungumza na nahodha siku moja kabla, mpange saa za kwenda na kurudi kulingana na bamvua na maji mafu. Akikwambia leo haifai, ahirisha.